Jina la Baba Mkwe

Vikombe vilikuwa viwili, vya bati. Cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, kilikuwa cha Ma Adela. Cheupe kilikuwa cha Nesi Joviness, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukinywea, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuja.

Kila asubuhi, kabla kengele ya sala haijagonga, Joviness alipita nyuma ya jengo la kufulia, akainama chini ya kamba za mashuka, akapiga hodi kwenye mlango ambao tayari uko wazi.

"Hodi ya nini tena, ingia," Ma Adela alimwambia.

Wakakaa, mmoja kitandani, mmoja kwenye ndoo iliyopinduliwa. Chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi. Joviness ndiye aliyeongea: mume wake anavyokoroma, mtoto wake wa kati anavyoficha daftari, nani kagombana na nani wodi ya wazazi. Ma Adela alisikiliza na kucheka pale pa kucheka. Robo saa tu, halafu wanavaa sare na kwenda wodi ya wanaume, kila mtu na kazi yake. Robo saa hiyo ndiyo ilikuwa familia ya Ma Adela, yote.

Jina lake kamili ni Adelgunda. Wanawake wa umri wake huku wanaitwa kwa watoto wao: Mama Gozbert, Mama Kembabazi. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi wakamwita kwa jina lake mwenyewe, wakaliongezea Ma mbele ili lisikae uchi. Alizaliwa Kamuli, akaolewa Kiruruma, akalima migomba ya wakwe miaka sita. Mume akafa kwa homa ya wiki moja. Matanga yalipokwisha, mashemeji walimwambia kwa upole kabisa kwamba shamba lina wenyewe.

Aliyemsindikiza siku ile ni baba mkwe wake peke yake. Hawakuwa na mazoea ya kuongea, maana mkamwana na baba mkwe hawaongei ovyo, na jina la baba mkwe, mkamwana halitamki kabisa, hata akiwa peke yake jikoni. Mzee alibeba mkungu wa ndizi begani mpaka barabarani, akautua miguuni pake, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akarudi. Hawakuonana tena. Habari ya kifo chake Ma Adela aliipata kwa mgonjwa, akiwa anapiga deki.

Miaka ishirini na minne sasa yuko kwenye hospitali hii ya misheni, juu ya kilima, mhudumu wa wodi ya wanaume. Anapiga deki, anatandika, anageuza wagonjwa wasiojigeuza. Wanaotoka Nyaishozi anawajua, wanaotoka Kyerwa anawajua kwa ukoo. Wakipona wanamuaga, wanaondoka na watu wao. Anabaki na mashuka.

Mwaka huu hospitali ilikuwa inatafuta ithibati, yaani hati ya kuthibitisha kwamba mgonjwa akilazwa hapa yuko salama kwa viwango vinavyokubalika. Wakaletewa mshauri kutoka Mwanza, dada mmoja anaitwa Evelyn, mfupi, mwenye viatu vya raba na daftari lisiloisha. Wakaguzi wenyewe wangekuja baada ya miezi mitatu. Kazi ya Evelyn ilikuwa kuwaandaa.

Siku ya kwanza alitoa mikanda ya plastiki. Kila mgonjwa avae mkononi, imeandikwa majina yake matatu, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Mapokezi waulize jina, na wodini aulizwe tena, upya, bila kusoma faili. Hiyo mara ya pili ndiyo alikabidhiwa Ma Adela, kwa vile anaongea lugha za wagonjwa.

Gaudiosus, nesi wa kiume anayesimamia wodi, aliinua mkanda juu. "Yaani sasa mgonjwa avalishwe alama kama ng'ombe wa mnadani?"

Watu wakacheka.

"Kaka Gaudiosus, una ng'ombe wangapi?" Evelyn akamuuliza.

"Wanne."

"Ameshawahi kukupotea mmoja?"

"Thubutu!"

"Basi. Nataka ukiulizwa na juu ya wagonjwa wako ujibu hivyo hivyo."

Hapo walicheka zaidi, na Gaudiosus mwenyewe akacheka. Kisha Evelyn akatundika kisanduku cha mbao ukutani, karibu na mlango wa stoo. Pembeni akaweka fomu. Likitokea kosa lolote, hata dogo, hata lisiloumiza mtu, aliyeliona aandike.

"Fomu hii haitafuti wa kufukuza," alisema. "Inatafuta tundu ambalo kosa limepita, tulizibe. Nimeongea na uongozi, wamekubali kwa maandishi."

Hakuna aliyecheka. Wiki ya kwanza kisanduku kilikuwa kitupu. Wiki ya pili mtu alitumbukiza karatasi ya peremende. Wiki ya tano Evelyn alikifungua mbele yao, akakifunga, akasema taratibu, "Hospitali isiyokosea bado sijaiona. Wakaguzi pia hawajaiona."

Wiki ya sita, Jumanne, akaja Umutesi.

Alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mbili, mke wa mfugaji wa kule mbugani Kyerwa, amemleta baba mkwe wake kwenye gari la maziwa. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala, mdomo umepinda, sauti hakuna. Macho tu ndiyo yalikuwa yanazunguka. Ma Adela alimlaza, akamfuta vumbi miguuni, akachukua mkanda na kalamu.

"Pole na safari, binti. Mzee anaitwa nani?"

Umutesi akatazama sakafu. "Ni baba yake Mugisha."

"Mugisha ni nani?"

"Mume wangu."

"Na mzee mwenyewe?"

Binti akavuta ncha ya kitenge akaziba mdomo. Nyuma yake kulikuwa na watu wawili wamesimama na mizigo, wanasikiliza.

Ma Adela alijua. Haikuwa kwamba hajui jina, wala si ujeuri. Lilikuwa katazo lile lile alilolibeba yeye miaka sita kule Kiruruma.

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe. Simu haishiki mpaka apande kilimani. Labda jioni."

Ma Adela akachungulia faili, jambo ambalo Evelyn alikataza. Mapokezi walikuwa wameandika: Mzee Mugisha. Nao walikuwa wameulizia kwa binti huyu huyu, wakachukua walichopewa, wakakata neno "baba yake" wakaona limezidi. Angeweza kuacha mkanda wazi mpaka jioni. Angeweza kumvuta Umutesi pembeni akampa kalamu, maana binti alikuwa amefika darasa la saba. Vyote hivyo alivifikiria baadaye. Pale aliona tu mkamwana anaaibishwa mbele ya watu, na mkono wake ukaandika MUGISHA, jina hilo tu, ukamvalisha mzee.

"Asante sana, mama," Umutesi akanong'ona.

Mama. Hakusema Ma Adela, alisema mama. Neno hilo Ma Adela alitembea nalo asubuhi nzima, kutoka kitanda hadi kitanda, na ndoo yake.

Sasa, kwenye wodi ile ile alikuwepo Mugisha mwingine. Revelian Mugisha wa Nyaishozi, mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari, mtu wa maneno mengi, ambaye kila siku kabla ya chakula cha mchana anachomwa sindano ya kushusha sukari. Mchana huo Revelian alikuwa ametoka kuota jua. Usiku wa kuamkia siku hiyo paa lilikuwa limevuja na vitanda vilikuwa vimesogezwa, namba hazijarudi mahali pake. Joviness, aliyemjua Revelian kwa jina la Mwalimu tu, akaja na sindano siku hiyo badala ya Gaudiosus, akaita, "Mugisha?" Mzee wa kiharusi akageuza macho, kama ambavyo angegeuza kwa sauti yoyote. Joviness akasoma mkanda. Akachoma.

Saa saba kasoro Ma Adela alikuwa anapitisha tambara chini ya kitanda aliposikia matone. Akadhani paa tena. Alipoinuka aliona ni jasho, linatiririka kutoka kwenye kiwiko cha mzee, na mzee mwenyewe anatetemeka kama aliyetolewa mtoni, macho yamegeuka meupe.

"Joviness! Joviness, njoo mbio!"

Wakampima. Sukari ilikuwa chini kabisa. Gaudiosus akatundika dripu ya glukosi, mkono wake ukitafuta mshipa mara mbili, mara tatu. Umutesi alipiga magoti pembeni, anaita "Data, Data," yaani baba kwa lugha yao, maana ndivyo pekee alivyoruhusiwa kumwita. Baada ya muda jasho likakata. Macho yakarudi. Gaudiosus akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alikuwa hajala, sukari imeshuka, amesaidiwa.

Ndipo Revelian akaingia kutoka juani, anajipepea na kofia. "Nesi, leo mmenisamehe sindano? Nimepona?"

Joviness alimtazama Revelian. Akatazama mkono wa Revelian, akatazama mkono wa mzee. Kisha akamtazama Ma Adela.

Jioni mume wa Umutesi alifika, matope mpaka magotini. Ma Adela akamwuliza jina la baba yake, naye akalitaja waziwazi kama anavyotaja jina la mji: Niyitegeka. Ma Adela akakata mkanda wa kwanza kwa mkasi, akaandika mwingine. Ule wa kwanza akautia mfukoni.

Kesho yake asubuhi Joviness alikuja kama kawaida. Hakupiga hodi.

"Ma Adela, limeshapita," alisema.

"Limepita."

"Mzee anakunywa uji. Nimemwona mwenyewe."

"Hata mimi nimemwona."

"Basi tuliache. Tunajua sisi wawili tu."

Ma Adela alimmiminia chai. "Na akija mkamwana mwingine wiki ijayo?"

"Utamwuliza vizuri."

"Nikiwa likizo?"

"Ma Adela!" Joviness akaweka kikombe chini. "Huyo Evelyn ataondoka na daftari lake. Tutabaki sisi. Wewe unaamini ile karatasi ya uongozi? Mimi niliyechoma ndiye watakayeanza naye. Nina watoto watatu. Wewe una nani wa kumpoteza?"

Akakichukua tena kikombe, maana hata yeye alisikia alivyosema.

Ma Adela alikuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa limekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, limeshika kikombe cheupe. Mambo ya namna hiyo hakuwa na mazoea ya kuyasema.

"Kunywa, itapoa," alisema.

Siku nne alipita mbele ya kile kisanduku. Alimwona mzee Niyitegeka akianza kusogeza kidole. Alimwona Umutesi akimlisha huku amegeuza uso pembeni kwa adabu, uji unamwagika kidevuni, anafuta bila kutazama. Kila akimwona aliwaza jasho likidondoka sakafuni. Kama angekuwa ameanzia kudeki upande wa dirishani, kama ilivyo zamu yake, asingelisikia.

Jumamosi mchana, mashuka yakiwa kwenye kamba, alikaa mlangoni kwake na fomu juu ya ubao wa kukatia mboga. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoinama, kama anavyoandika mtu ambaye shule yake iliishia darasa la nne:

"Mimi nilijua mkamwana hawezi kutaja jina la baba mkwe. Nilimwonea huruma nikaandika jina la mume wake. Nesi alisoma nilichoandika mimi. Nesi hakuwa na kosa la kusoma. Mzee alichomwa sindano ya mtu mwingine, nusura afe. Huku wakamwana ni wengi. Wapewe karatasi waandike, au asubiriwe mtu mwingine wa nyumbani, na mkanda ukae mtupu mpaka apatikane."

Mahali pa jina la aliyeandika fomu ilisema si lazima. Akaandika: Adelgunda. Akaweka na ule mkanda uliokatwa, akakunja, akatumbukiza. Kilikuwa kitu chepesi, lakini kilipogonga chini ya kisanduku kitupu kilisikika.

Evelyn hakuvunja ahadi yake. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeandikiwa barua. Palikuwa na kikao, wakaongea juu ya mapokezi, juu ya faili, juu ya vitanda vilivyosogezwa, na uongozi ukasaini utaratibu mpya: kila mahali pa kuulizia jina pawe na kadi nyeupe na penseli. Hata paa lilizibwa. Wengine nao wakaanza kuandika fomu, moja moja. Gaudiosus aliandika yake kuhusu dripu iliyopitwa na muda, akatangaza wodi nzima, "Haya, na mimi nimetubu, mnisifu basi!"

Joviness ndiye mtu pekee ambaye hakusema kitu kwenye kikao. Wiki iliyofuata aliomba kuhamia wodi ya watoto, akakubaliwa.

Asubuhi ya kwanza Ma Adela alipika chai ya watu wawili. Ya pili vilevile. Ya tatu akaona Joviness anapita nyuma ya jengo la kufulia kama siku zote, ila amezunguka kamba kwa mbali, hakuinama. "Shikamoo, Ma Adela," alisema bila kusimama. "Marahaba," Ma Adela alijibu. Ndiyo maongezi yao yote ya mwezi huo.

Mzee Niyitegeka aliruhusiwa, akitembelea fimbo. Kabla hawajaondoka Ma Adela alimwambia Umutesi ukweli wote, kwamba ule mkanda ulikuwa kosa lake. Umutesi akamsikiliza, akatazama sakafu.

"Na mimi ningeweza kuandika," alisema. "Hukuniuliza, na mimi sikuomba."

Safari hii hakumwita mama. Gari la maziwa likapiga honi, wakaenda.

Wakaguzi walikuja wakati kahawa inaiva, wawili. Mkubwa wao aliitwa Yusto, mtu mpole mwenye miwani, aliyesoma fomu zote za kisandukuni kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Akaja wodi ya wanaume, wafanyakazi wa wodi zote wamekusanyika, Joviness akiwa nyuma karibu na dirisha.

"Adelgunda ni yupi?"

"Ni mimi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Nionyeshe mnavyofanya. Mimi ni wa hapa wodini, wewe ni mkamwana umemleta mzee. Haya. Mgonjwa wako anaitwa nani?"

Ilikuwa mchezo tu. Ma Adela angeweza kusema jina lolote lililomjia. Lakini lililomjia lilikuwa moja, nalo lilikuja na mkungu wa ndizi na mzee amesimama barabarani kama aliyesahau kitu. Akafungua mdomo. Mzee alikwisha kufa, mume alikwisha kufa, wale mashemeji wasingemtambua hata wakimpita njiani. Alikuwa mkamwana wa nani tena? Na bado mdomo ulikataa. Watu wakaanza kutabasamu wakidhani anaigiza vizuri.

"Mgonjwa anaitwa nani, mama?" Yusto akarudia, naye akitabasamu.

Ma Adela akatoa mkono mbele. Yusto akaelewa, akampa kadi nyeupe na penseli, kama utaratibu unavyotaka. Akaandika polepole.

Na utaratibu unataka anayepokea kadi asome kwa sauti ili ndugu athibitishe. Kwa hiyo Yusto akasoma, kwa sauti safi, wodi nzima ikasikia: "Melkiory wa Kiruruma. Ndiye?"

Ilikuwa miaka mingi tangu Ma Adela alisikie jina lile likitamkwa na mtu. Akaitikia kwa kichwa. Alipoinua macho aliona kila mtu anacheka na kupiga makofi, isipokuwa Joviness. Joviness, ambaye kwa miaka kumi ya chai alisikia habari zote za Kiruruma bila kusikia jina hilo hata mara moja, alikuwa amejishika shavu, anamtazama.

Hati ya ithibati ililetwa baadaye ikiwa kwenye fremu, ikatundikwa mapokezi. Palikuwa na pilau na soda. Ma Adela alichukua sahani yake akaenda kula chumbani kwake.

Asubuhi moja baada ya hapo, chai ikiwa jikoni, kamba za mashuka zilitikisika. Joviness alikuwa ameinama chini yake. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ma Adela. Kuna mkamwana pale mapokezi amemleta baba mkwe. Wamempa kadi, hajui kuandika, na hawaelewani lugha. Analia."

"Nakuja."

Ma Adela alivaa kandambili. Mkono wake ukagusa sufuria. "Chai ipo," alisema.

Joviness akatazama kikombe cheupe, kimeinamishwa juu ya kabati mahali pake pa siku zote. "Wananisubiri watoto," akajibu. "Siku nyingine."

Wakatoka pamoja, Joviness mbele hatua moja, mpaka penye njia panda ya mawe. Pale mmoja akaenda wodi ya watoto, mmoja mapokezi. Ma Adela alikaa na yule binti, wakasubiri pamoja kwenye benchi mkono kwa mkono mpaka shemeji yake alipofika na kutaja jina, na mkanda ukaandikwa.

Aliporudi chai ilikuwa imeshika utando. Akainywa hivyo hivyo, amesimama. Akaosha kikombe cha bluu. Halafu akachukua na kile cheupe, ambacho hakuna aliyekinywea, akakiosha pia.